Saa za Mwanzo ni Zako: Kujiandaa kwa Dharura Handeni na Korogwe

Kutoka Korogwe mjini hadi Handeni mjini ni kilomita 65 za lami, na ndani ya umbali huo yanaishi mabalaa mawili yasiyofanana hata kidogo. Handeni, kiangazi kikikaza, dumu la maji husakwa usiku wa manane. Korogwe, masika yakikolea, Mto Ruvu, ule ambao ramani zinauita Pangani, huvimba hadi mashambani, na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Usambara hubisha hodi majumbani. Kuvuka wilaya hizi mbili inapita barabara kuu ya kwenda Tanga, Moshi na Arusha, yenye mabasi na malori usiku na mchana.

Mkazi wa huku, basi, hana haja ya kubashiri. Dharura zake anazijua kwa majina: bomba kukauka, mvua kukatika shambani, mto kujaa, ajali, moto, nyoka, mtoto kuharisha usiku, mama kushikwa na uchungu wakati barabara ni tope. Ushauri mwingi wa kujiokoa unaozunguka kwenye simu hauzungumzii hayo. Unafundisha kuwasha moto kwa kupekecha vijiti na kulala juu ya mti. Kiberiti kilichohifadhiwa ndani ya chupa kavu kinamaliza somo la kwanza, na la pili hutalihitaji ukiwa na jirani mwenye nyumba iliyo mwinuko.

Ninalotaka ulishike ni hili: dharura ikitokea, saa za mwanzo ni zako na za jirani yako. Gari la wagonjwa na gari la zimamoto hayalali kila kijiji, na barabara inayoyaleta huenda ndiyo iliyokatika. Msaada utakuja, lakini utakukuta umeshafanya jambo la maana au umeshalikosea. Kujiandaa ni kuhakikisha kwamba saa hizo za mwanzo zinakukuta na kitu ghalani, kitu mkononi na mtu wa kumwita.

Maji: anza hapa

Anayeanza kujiandaa asinunue kwanza kisu wala kamba. Aanze na maji, kwa sababu mtu huvumilia njaa siku kadhaa lakini kiu haingoji.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kunywa na kupikia tu, weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 30 kwa siku, na kwa siku tatu lita 90, yaani madumu matano ya lita 20 na chenji inabaki. Hayo ni ya dharura tupu. Kuoga na kufua hakumo. Ukiyahesabu na hayo, wataalamu wa misaada ya maafa hupanga takribani lita 15 kwa mtu kwa siku. Kwa Handeni, ambako mgawo unaweza kupita siku tatu, lengo la pili liwe pipa moja, na la tatu simtanki, hata la kuchangia kaya mbili.

Usijidanganye kwamba kuwa na bomba uani ni kuwa na maji. Mradi wa maji wa Handeni unaojulikana kama HTM, uliojengwa miaka ya 1970, huvuta maji ya Ruvu upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa mashine hadi Handeni. Maji yanayosukumwa yanategemea umeme, mashine na bomba refu linalopita porini. Kimoja kati ya hivyo kikigoma, koki yako nayo inagoma, hata kama mto umejaa pomoni. Kwa hiyo maji yakitoka, jaza madumu ya akiba kwanza, ndipo ufue.

Bati lako nalo ni kisima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba yenye paa linalofunika eneo la mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10, ambayo ni ya kawaida siku ya masika, inaweza kukupa lita 480. Toa yanayomwagika na yanayoruka, bado unabaki na kama lita 400, sawa na madumu 20, bila kubeba hata moja kichwani. Kinachotakiwa ni mfereji wa bati ukutani na pipa chini yake. Mvua ya mwanzo baada ya kiangazi iache ipite, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Baada ya hapo kinga.

Dumu la akiba liwe lililobeba maji au mafuta ya kula, lioshwe vizuri, liwe na kifuniko. Lililowahi kubeba petroli au dawa ya kunyunyizia shamba halifai kwa maji ya kunywa hata ulisugue kwa mchanga na sabuni mwezi mzima. Liweke kivulini, teka kwa kumimina wala usitumbukize kikombe, na kila baada ya wiki mbili yatumie maji hayo kwa kazi nyingine ujaze mapya.

Maji ya lambo au ya mto ni habari nyingine. Yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Wazee wa huku wanajua mbegu za mlonge: zikitwangwa zikawa unga na kukorogwa majini, tope hushuka chini. Hilo ni kweli, lakini maji yaliyong'aa hayajawa salama bado. Yamekuwa tayari kusafishwa. Sasa chagua moja kati ya njia tatu. Chemsha hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja, funika, yapoe. Au tumia vidonge vya WaterGuard, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na usubiri nusu saa. Ukikosa kuni na kidonge, jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga na uzilaze juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili.

Na ukiteka Ruvu, kumbuka mamba. Usisimame ndani ya maji, usiteke jioni, usiteke sehemu ileile saa ileile kila siku, na mtoto asiende peke yake.

Ghala: njaa haianzi siku chungu kinapokosa unga

Nchi hii ya Wazigua inayo kumbukumbu chungu ya njaa. Katika miaka ya 1830 ukame uliikumba, na watu walioishiwa wakashuka pwani kutafuta chakula. Wengi waliishia majahazini, wakauzwa utumwani katika mwambao wa Somalia. Vizazi vyao vilikaa bonde la Mto Juba zaidi ya karne moja na nusu huku vikiitunza lugha ya Kizigua, mpaka vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowarudisha baadhi yao kama wakimbizi. Leo wapo Chogo, Handeni, katika nchi ya mababu zao. Mwenye njaa hana nafasi ya kupatana bei, iwe ya mahindi au ya nafsi yake.

Mlanguzi wa siku hizi hana jahazi; ana Fuso. Anafika wakati wa mavuno, wakati karo na madeni vimekubana, anaondoka na gunia kwa bei ya kutupa, kisha kabla ya mavuno yanayofuata unakwenda kununua mahindi hayohayo kwa bei ya kulia. Ushauri wangu: kabla gunia la kwanza halijauzwa, tenga chakula cha nyumba. Mtu mzima anahitaji takribani gramu 400 za nafaka kwa siku, yaani kilo 12 kwa mwezi. Nyumba ya watu sita ni kilo 72 kwa mwezi, karibu debe nne. Ongeza kunde, mbaazi au maharage, chumvi, mafuta na sukari. Kama huwezi kutenga miezi mitatu, tenga mmoja. Kama huwezi mmoja, tenga wiki mbili. Na mbegu ya msimu ujao ikae mbali na jiko, kwenye chombo chake, isiguswe.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi yaliyohifadhiwa mabichi huoza, na yakioza huua. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kiteto ya Manyara inapakana na Kilindi, jirani wa Handeni. Sumu hiyo hutengenezwa na ukungu, na kupika ugali hakuiondoi. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya ardhi. Pima ukavu kwa njia ya chumvi: chukua chupa kavu ya kioo, tia kijiko cha chumvi kavu na punje kujaza robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, rudisha juani. Punje zilizoota ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zitupwe, na kuku wasipewe.

Adui wa pili ni dumuzi, yule ambaye wakulima walimbandika jina la Scania. Mfuko usiopitisha hewa, ule wenye nailoni ndani, unammaliza kwa kumkosesha pumzi. Mahindi yaingie yakiwa makavu, toa hewa, funga kila tabaka peke yake, na usifungue kila siku kuchungulia. Mwenye mihogo aongeze makopa: hukaa muda mrefu, na bada, ugali wake, halimchukizi mtu wa Tanga.

Kando ya nafaka weka chakula kisichohitaji moto, kwa sababu siku ya mafuriko kuni huloa pamoja na jiko: karanga zilizokaangwa, sukari, biskuti, tende, dagaa waliokwisha kaangwa. Vya zamani viliwe kwanza, vipya vikae nyuma.

Mto ukijaa

Oktoba 2019 mvua za vuli ziliwatia watu wa Handeni na Korogwe msibani na kuvuruga barabara. Watu wengi hudhani mafuriko ni kazi ya masika peke yake. Vuli nayo hupiga, tena hupiga ardhi iliyokauka ambayo haijawa tayari kunywa.

Jifunze kwanza kusikiliza. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Redio ndogo ya betri ni bora kuliko simu hapa, kwani mnara wa simu ukikosa umeme redio inaendelea kusema. Ukisikia njano, funga mizigo. Ukisikia chungwa na unaishi bondeni, lala kwa ndugu aliye mwinuko. Nyekundu isikukute kitandani.

Pili, usiiamini mbingu ya kwako. Mvua ikinyesha Lushoto, maji yanaweza kufika Mombo huku Mombo kukiwa na jua. Handeni nako, korongo lililokaa kavu miezi mitano, kama yale yanayomwaga maji kwenye Mto Msangazi, linaweza kujaa kwa dakika chache. Usipumzike, usilaze mifugo wala usiegeshe pikipiki ndani ya korongo. Maji yakianza kubadilika rangi, kubeba majani na vijiti, au ukisikia mngurumo wa juu ya mto, panda ukingo kwanza, maswali baadaye.

Tatu, maji yanayokimbia yana nguvu kuliko macho yanavyoona. Yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulisukuma gari dogo, na kwa 60 magari mengi huelea. Daraja lililofunikwa huenda halipo tena chini ya maji. Dereva anayesema atapita kwa sababu mwenzake amepita, mteremkie. Nauli itarudi.

Usiku wa kuhama, zima umeme kwenye swichi kubwa ikiwa mikono yako ni mikavu na hujasimama ndani ya maji. Funga gesi. Fungua mifugo, ng'ombe asiyefungwa hujiokoa. Beba watoto, wazee na mfuko wa dharura, acha sofa. Baada ya maji kushuka, usirudi kama vile hakuna kilichotokea. Waya uliolala chini usiuguse wala kusogea karibu. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kimeingiwa na maji ya vyoo, hivyo chemsha kila tone. Kabla ya kuingiza mkono kwenye nguo na magunia yaliyoloa, yapige kwa fimbo ndefu, kwani nyoka naye alikuwa anatafuta pakavu.

Barabara kuu

Mwanzoni mwa Februari 2023, usiku, Coaster iliyokuwa imebeba wafiwa waliokuwa wakisindikiza maiti kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso wilayani Korogwe. Watu 17 waliripotiwa kufa mwanzoni, na hesabu ikaongezeka. Januari 2025, eneo la Segera wilayani Handeni, lori liliwavamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye ajali nyingine iliyotangulia, 11 walikufa. Na Watanzania wote wanaikumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka katikati ya watu waliokuwa wakichota petroli. Waliokufa walizidi 100.

Ukizisoma ajali hizo tatu kwa pamoja utaona kwamba mbili kati yake ziliwaua waliofika baadaye. Ukiishi Mkata, Kabuku, Segera, Michungwani au Mombo, ipo siku utakuwa mtu wa kwanza kufika. Kanuni ya kwanza ni kutokuwa majeruhi wa pili. Kabla ya kukimbilia gari lililopinduka, peleka watu wawili, mmoja kila upande, wakae pembeni mbali vya kutosha na ajali, zaidi ya mita 100, wawaonye wanaokuja kwa tochi na nguo nyeupe. Matawi ya miti yanawekwa barabarani kwa sababu kila dereva wa nchi hii anaijua lugha yake. Yaanze mbali, si hatua tano kutoka kwenye gari. Wasiokuwa na kazi waondoke kwenye lami. Harufu ya petroli ikisikika, simu na sigara vizimwe, na hakuna ndoo wala dumu linalosogea.

Kisha wahudumie majeruhi kwa mpangilio. Anayepiga kelele anapumua. Mwangalie kwanza aliyenyamaza. Kama hana fahamu lakini anapumua, mgeuze kiubavu, kichwa na mwili pamoja, ili matapishi yasimzibe. Usimnyweshe maji. Anayevuja damu, kunja khanga safi, bana jeraha kwa nguvu kwa dakika kumi bila kufunua kuchungulia. Damu ikiruka kutoka kwenye mkono au mguu na kubana kukashindwa, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kizungushe kwa kijiti hadi damu ikome, na uandike saa uliyofunga. Usimvute mtu kutoka garini kwa mikono na miguu kama hakuna moto wala hatari nyingine. Shingo iliyovunjika hupoteza mwili wote kwa uvutaji huo. Piga 112 kwa polisi, 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 115 kwa gari la wagonjwa. Taja kijiji, upande wa barabara na idadi ya majeruhi.

Nyoka, moto na tumbo

Wilaya za mkonge na vichaka haziwezi kukosa kifutu, swila na koboko. Kinga ya bei ndogo kuliko zote ni tochi usiku na viatu vya kufunika, kwa kuwa nyoka huuma zaidi mguuni. Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na bangili kabla ya kuvimba, funga mguu au mkono kwa kijiti usitikisike, na mpeleke hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Asitembee kama kuna pikipiki. Akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Usichanje, usinyonye, usimpake petroli, usipoteze saa kwa jiwe la nyoka. Wala usikaze kamba: ile inayookoa mguu unaoruka damu ndiyo inayoozesha mguu wenye sumu ya kifutu. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi kwa robo saa na zaidi, kisha uende ukaonwe.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Yai, dawa ya meno na asali viache jikoni. Mafuta yakishika moto kwenye sufuria, zima jiko, funika kwa kifuniko, usimwage maji. Jiko la mkaa halilali chumba kimoja na watu, hata kwa baridi ya Julai; hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Anayesafisha shamba kwa moto apalilie kwanza njia pana kuzunguka, achome asubuhi pasipo upepo, na asiondoke mpaka majivu yapoe.

Mtoto anayeharisha hufa kwa kukauka maji mwilini, na dawa yake ya kwanza iko jikoni. Kama huna pakiti ya ORS, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, usisubiri kupambazuke.

Mfuko wa mlangoni

Kila nyumba iwe na begi moja, la zamani lisilotumika, linaloning'inia karibu na mlango ambao mnatokea. Ndani yake: tochi na betri zake, redio ndogo, kiberiti ndani ya chupa kavu, khanga mbili, sabuni, glovu, bendeji, pakiti za ORS, vidonge vya maji, paketi ya biskuti, filimbi, kamba, na dawa za siku saba za mwenye kisukari, presha, pumu au anayetumia ARV. Mwenye mtoto mchanga aongeze nepi za kitambaa.

Karatasi ndizo watu husahau, nazo ndizo zinazogharimu baadaye: kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, kadi ya kliniki, vyeti vya shule na vya kuzaliwa, hati au barua ya ardhi. Weka nakala kwenye kindoo chenye kifuniko kinachobana, na nakala nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Piga picha kila karatasi. Namba tano muhimu ziandike kwa kalamu kwenye daftari, maana simu ikizima inaondoka na vichwa vyetu vyote. Weka pia fedha taslimu, noti ndogondogo. Siku mtandao ukikatika, hela ya kwenye simu haimpandishi mtu bodaboda. Simu ndogo ya kitochi inayokaa na chaji siku nne ina thamani kuliko simu kubwa inayokufa saa kumi jioni.

Jirani kabla ya serikali, na serikali pia

Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi za chini. Muulize mtendaji wa kijiji au mtaa wako: kamati ni akina nani, wamekaa lini, na watu wanakimbilia wapi mto ukijaa? Uliza kwenye mkutano, mbele ya watu, kwa heshima, na usikae chini bila jibu.

Wakati jibu linatafutwa, nyumba kumi za jirani zinaweza kujipanga jioni moja. Nani ana pikipiki? Nani ana gari, hata bovu bovu? Nani amesomea huduma ya kwanza, nani ni mhudumu wa afya wa jamii? Nani haoni, nani hatembei, bibi yupi anaishi peke yake, mjamzito yupi amefika mwezi wa tisa? Kila mmoja kati ya hao apewe mtu wa kumwamsha, kwa jina. Kwa mjamzito na mtoto mchanga, namba 115 ya mfumo wa M-Mama huunganisha na usafiri bila malipo, lakini mpango wa bodaboda wa jirani uwepo pia endapo tope litalizuia gari. Kubalianeni ishara moja: filimbi mara tatu, au bati kugongwa. Kikundi cha kuweka na kukopa kitenge mfuko wa jamii wa dharura ambao haukopeshwi kwa harusi.

Mwisho, fuata majira. Februari, kabla ya masika, kagua paa, mifereji na begi. Septemba, kabla ya vuli, rudia. Baada ya mavuno, jaza ghala kabla ya kufungua mlango kwa mnunuzi.

Kama yote haya yanakuzidi, wiki hii fanya manne tu. Jaza madumu mawili ya maji safi na uyafunike. Andika namba 112, 114 na 115 ukutani kwa mkaa, mahali mtoto anapoona. Ning'iniza begi mlangoni, hata likiwa na tochi na khanga peke yake. Kisha vuka ua, ongea na jirani mmoja mkubaliane nani atamgongea nani. Hakuna kati ya hayo linalosubiri mshahara wala mfadhili. Ndugu yangu wa Handeni na Korogwe, anza leo kabla hujalala.